Dawa ya Kupunguza Damu

Magonjwa nayo yana vyeo vyake. Presha ni ya watu wenye majukumu. Mtu akikwambia ana presha unampa pole na kiti. Sukari ni ya waliowahi kula wakashiba. Moyo ndio mkubwa wao, maana mwenye ugonjwa wa moyo huonekana mtu wa mawazo mazito, aliyebeba ya walimwengu wote. Lakini ini! Mtu akisema anaumwa ini, hata anayempenda hutazama pembeni kidogo, na kichwani anamhesabia chupa. Springi, fundi wa makochi, hakuwahi kuonja pombe tangu azaliwe, harufu yake tu ilimtia kichefuchefu, na ndiye aliyepata ini.

Lilijulikana mwaka uliotangulia, siku aliyotapika damu beseni zima. Daktari wa ini, mama mfupi mwenye sauti ya mwalimu wa darasa la kwanza, aliwaeleza bila haraka. Kuna kirusi, pengine alizaliwa nacho, kilikuwa kikilitafuna ini taratibu miaka yote hiyo mpaka likajaa makovu, likasinyaa na kukakamaa. Damu ikishindwa kupita kwenye ini gumu hutafuta njia za panya, na njia mojawapo ni mishipa ya koo la chakula, ambayo huvimba mpaka ikapasuka. Waliingiza mpira wenye kamera, wakaifunga mishipa hiyo. "Asimeze dawa yoyote bila kuniuliza mimi," daktari alisema, "hata ya kichwa." Springi aliitikia kila neno. Walipofika langoni akasimama, akamshika mkewe kiwiko.

"Hivi ni vidonda vya tumbo," alisema. "Mtu akiuliza, vidonda vya tumbo. Hata dada."

"Lakini Fundi, daktari kasema ni kirusi, siyo..."

"Utasimama barabarani umweleze kila mtu habari za kirusi? Watu wakisikia ini wamesikia pombe. Vidonda vya tumbo."

Mkewe alikubali. Wateja walimwita Mama Vitambaa, kwa sababu mumewe alipomaliza mbao na springi, yeye ndiye aliyeshona kava. Walikuwa wamefanya kazi hivyo karibu ndoa yao yote, yeye kwenye cherehani karibu na dirisha, mume akipiga magoti katikati ya karakana na misumari midogo imejaa mdomoni, akiitema mmoja mmoja kadiri anavyoigonga. Mtu mwenye misumari mdomoni hajibu maswali, na Mama Vitambaa alishazoea kuongea peke yake na kujibiwa kwa nyundo. Siri ya mumewe aliitunza kama alivyotunza vitu vyake vingine vyote.

Sasa moyo nao ukaingia kati. Springi akiwa anageuza kochi la watu watatu aliona giza, akakaa chini, na mkewe alipomwekea mkono kifuani alisikia cherehani inayoruka nyuzi: mbio, kimya, mbio, kimya.

Hospitali ni ile ile, ila kliniki ya moyo iko jengo lingine, ng'ambo ya bustani, na watu wa jengo hili hawajui ya jengo lile. Springi aliipenda tangu alipoingia. Hapa hakuna aliyemwuliza anakunywa chupa ngapi. Alinyoosha hata mgongo kwenye benchi, akaanza kuzungumza na wagonjwa wenzake kama mtu aliyepandishwa daraja.

Daktari wa moyo alikuwa kijana mrefu, mpole, mwenye haraka. Alisikiliza kifua, akatazama karatasi ya mashine, akauliza bila kuinua kichwa.

"Mzee, zaidi ya hili, una ugonjwa mwingine wowote?"

"Vidonda vya tumbo. Vilishapona."

"Viliwahi kutoa damu?"

"Kidogo tu. Zamani."

Mama Vitambaa alikuwa amekaa ubavuni pake, mkoba mapajani. Ulimi ulimwasha. Beseni zima ndiyo kidogo? Mwaka jana ndiyo zamani? Lakini kumkanusha mumewe mbele ya mtu, tena mtu wa umri wa mtoto wao, hakuwahi kufanya hivyo, na hakujua hata jambo kama hilo huanzwa kwa neno gani. Alitazama viatu vya daktari.

"Moyo wako umeacha kupiga kwa mpangilio," daktari alisema. "Damu inatuama ndani yake, na damu ikituama inaganda. Bonge likichomoka likapanda kichwani, hicho ndicho kiharusi. Kwa hiyo nakuandikia dawa ya kupunguza uzito wa damu. Mkitoka hapa mpite maabara mtoe damu ya vipimo, majibu tutayaona mkirudi."

Hayo ndiyo yalikuwa maneno ya daktari. Lakini maneno ya daktari ni kama unga, hupungua kila yanapopita kwenye chekeche. Kwenye dirisha la dawa, mtoa dawa aliyekuwa na foleni mpaka nje aliweka boksi kwenye kaunta akasema, "Hii ya kupunguza damu, kutwa mara mbili. Anayefuata!"

Kupunguza damu. Mama Vitambaa alisimama na boksi mkononi mpaka mtu wa nyuma akamsukuma kidogo. Mwaka jana walimwongezea mumewe damu ya watu asiowajua, mfuko baada ya mfuko, na hadi leo midomo yake haijarudi rangi. Sasa anatakiwa aipunguze kwa makusudi, asubuhi na jioni.

Alijaribu kuuliza, asilaumiwe bure. Kesho yake aliaga kwamba anakwenda kununua uzi, kumbe anakwenda kliniki ya ini. Yule daktari mama alikuwa likizo. Nesi wa mezani alimwuliza kama mgonjwa anatapika; aliposema hatapiki, akaambiwa basi siku yao ya kliniki waje wote wawili, daktari atakuwa amerudi. Angemwuliza nani mwingine? Mwenye kuuliza sharti aeleze, na mwenye kueleza sharti ataje ini. Siri ina ubaya huo: ukiifungia mlango isitoke, na msaada nao hauingii.

Dawa waliyopewa hospitali ilikuwa ya siku mbili tatu tu, na Mama Vitambaa alikuwa bado hajaifungua. Iliyobaki ilibidi ikanunuliwe, na bei yake ilimfanya Springi atazame dari. Aliyeinunua ni dada yake mkubwa, msusi mwenye saluni pale kona, mwanamke wa sauti na kicheko, anayeingia nyumbani kwa mdogo wake bila hodi.

"Damu nzito kuliko maji, wifi," alisema akiweka boksi mezani. "Nisipomfaa mdogo wangu nitamfaa nani?"

"Huo uzito ndio wasioutaka, dada," Springi akadakia. "Wanataka yangu iwe maji."

"Haya! Ikishakuwa maji undugu umekwisha, nirudishie hela zangu."

Wakacheka wote watatu. Mama Vitambaa alicheka kuliko wote, kisha akaenda jikoni akasimama tu.

Kabatini kulikuwa na mabaki ya vidonge alivyopewa Springi baada ya kutapika, vidonge vya kuongeza damu, vyekundu. Hivi vya kupunguza vilikuwa vyekundu vile vile, ila vidogo zaidi. Alivishika viganjani, hivi kushoto, hivi kulia. Kuongeza. Kupunguza. Mwenye akili zake, akiambiwa achague kimoja ampe mtu anayempenda, angechagua kipi? Springi alikuwa adui wa vidonge. Hufumba macho, hupanua mdomo, mkewe humwekea kwenye ulimi, naye huvuta maji kwa haraka. Hakuwahi kutazama alichowekewa. Jioni ile alipanua mdomo kama kawaida, akameza cha kuongeza.

Vya wifi, pamoja na vile vya hospitali, alivitia ndani ya mto wa kochi lao la sebuleni, kati ya sponji na kava, akafunga zipu. Kuvitupa hakuweza, jasho la mtu halitupwi.

Jumapili moja wifi alikuja kumjulia hali mgonjwa, akajitupa pale pale kwenye kochi.

"Dawa anakunywa?"

"Anakunywa."

"Haruki?"

"Haruki, wifi. Mimi mwenyewe namwekea mdomoni."

"Ndiyo maana nakupenda." Akajisogeza, akakunja uso. "Huu mto una nini? Unanichoma."

"Mshono huo. Subiri nikupe mwingine."

"Acha, acha, mimi nina nyama za kutosha." Na akaendelea kukalia dawa aliyoinunua mwenyewe, akisifia jinsi mdogo wake anavyoanza kurudi rangi.

Haikupita wiki, Springi akamvuta mkewe chumbani akafunga mlango.

"Choo changu kimekuwa cheusi," alinong'ona. "Cheusi kama lami. Yule mama wa ini alisema nikiona hivyo nikimbie hospitali, ni damu inavuja ndani. Ni hii dawa ya moyo, sivyo?"

Mama Vitambaa alijua ni nini. Vidonge vya kuongeza damu ndivyo hufanya choo kuwa cheusi. Waliambiwa mwaka jana, mumewe kasahau. Alimtazama jinsi alivyoshikilia mkanda wa suruali, mtu mzima, fundi anayeheshimika, anaogopa kwenda chooni kwake mwenyewe. Ilikuwa nafasi ya kusema, tena nafasi nzuri, mlango umefungwa.

"Ni zile mboga za majani," alisema. "Mbona hata changu."

"Hata chako?"

"Hata changu."

Springi alishusha pumzi, akarudi kwenye nyundo yake akipiga mluzi. Mkewe alibaki kitandani, masikio yanamwaka kwa aibu, kwa sababu alikuwa ameaminiwa haraka mno.

Mwenye nyumba ya wageni alikuja asubuhi moja kukagua makochi yake ya mapokezi. Alikuwa mtu wa suti na funguo nyingi, anayezichezesha mfukoni akitaka kujibiwa upesi. Springi alikuwa magotini, misumari mdomoni.

"Fundi, yanakwisha lini?"

Springi aligeuka. Misumari ikaanza kudondoka upande mmoja wa mdomo, mmoja, mwingine, kisha yote kwa pamoja, na mate nyuma yake. Alitaka kusema Alhamisi. Kilichotoka hakikuwa Alhamisi wala siku nyingine yoyote. Akashika mkono wa kochi ajiinue, kiganja cha kulia kikateleza kama si chake.

Mteja alirudi nyuma, akavuta hewa puani. "Asubuhi yote hii!" alisema. "Mzee mzima! Kumbe ndiyo maana kazi haiishi."

"Hajalewa!" Mama Vitambaa alikuwa tayari chini, ameushika uso wa mumewe kwa mikono miwili. Shavu la kulia lilikuwa limelegea kama kitambaa ambacho hakijapigiliwa.

"Mama, walevi nawajua, ndio wateja wangu. Natuma gari lije lichukue makochi yangu hivyo hivyo yalivyo."

Springi aliyasikia yote. Hilo ndilo lililomchoma mkewe kuliko jingine lolote: macho yake yalikuwa mazima, yanaelewa kila neno, yamemkodolea mteja, na ulimi umekataa kumtetea. Mambo aliyoyakimbia mwaka mzima yalikuwa yamemfuata mpaka ndani ya karakana yake, na yalikuja bila hata kupitia kwenye ini.

Wifi alifika na teksi, na kitambaa cha saluni bado kiko begani. Wakiwa njiani mdomo ulianza kurudi mahali pake kidogo kidogo. Walipolikaribia lango la hospitali Springi alikohoa, akasema kwa sauti iliyo wazi kabisa, "Alhamisi." Dada yake, ambaye hakuwa amelia mpaka hapo, akalia.

Walimpiga picha ya kichwa, wakamlaza kwenye kitanda cha magurudumu. Daktari wa moyo alikuja akiwa anakimbia.

"Bonge dogo limepita kichwani, likayeyuka lenyewe," alisema. "Hii ilikuwa salamu tu, mwenyewe yuko njiani. Nafurahi picha haionyeshi damu kuvuja. Dawa anakunywa?"

"Kutwa mara mbili," wifi alijibu. "Nanunua mimi, wifi anamwekea mdomoni."

"Hajaruka hata siku moja?"

"Hata moja," alisema Springi, ulimi bado mzito kidogo. "Mke wangu hakosei."

Daktari alikuna kidevu. "Basi hiyo imeshindwa kazi. Tunamwanzishia sindano yenye nguvu zaidi, sasa hivi." Akamtajia nesi jina la dawa, nesi akaenda kwenye toroli.

Mama Vitambaa alisikia droo ikivutwa. Alisikia karatasi ya sindano ikichanwa. Watu husimulia ujasiri kana kwamba ni kitu kinachopanda kutoka kifuani; kwake hakikupanda kitu. Alikuwa na woga wa aina mbili, na ule wa sindano ukawa mkubwa kuliko ule wa mume, basi. Nesi alishavuta shuka pembeni.

"Hajanywa," alisema.

"Hajanywa nini, mama?"

"Hiyo dawa. Hajawahi kunywa hata kidonge kimoja. Viko ndani ya mto."

Nesi alisimama na sindano hewani.

"Mto gani?" wifi aliuliza. "Wifi, mto gani?"

"Nilikuwa nampa vya kuongeza damu. Kule dirishani walisema hii ni ya kupunguza damu, na yeye damu hana, mwaka jana ilitoka yote nikiona kwa macho yangu. Siyo vidonda vya tumbo, daktari. Ni ini. Limekakamaa. Walimfunga mishipa ya koo, jengo lile pale, ng'ambo ya bustani. Ukimdunga hiyo atatapika tena, na safari hii..."

Safari hii hakuimalizia. Springi aligeuza uso ukutani.

"Ulitaka kuniulia mdogo wangu?" Sauti ya wifi ilijaza chumba, wagonjwa wa vitanda vingine wakainua vichwa. "Natoa hela zangu, unashonea kwenye mto? Nimekaa juu yake! Jumapili nzima nimekaa juu yake!" Halafu neno lile jingine likamfikia, akapunguza sauti, na hiyo ndogo ilikuwa mbaya zaidi. Aliinama kitandani. "Ini? Mdogo wangu, ulikuwa unakunywa kwa siri?"

"Umeona?" Springi aliuambia ukuta, lakini aliyekuwa akiambiwa ni mkewe. "Umeona sasa?"

Daktari wa moyo aliichukua sindano mkononi mwa nesi, akairudisha mwenyewe kwenye trei. Jasho lilikuwa limemtoka. "Mpigie daktari wa ini," alisema. "Mwambie aje leo, nisisikie habari za kesho."

Alikuja yule mama mfupi, ameshatoka likizo, na kwa mara ya kwanza majengo mawili yalikutana chumba kimoja. Walisimama miguuni mwa kitanda wakabishana kwa adabu. Bila dawa ya kulainisha damu, alisema huyu, kiharusi kinachofuata hakitapita. Na mshipa wa koo ukipasuka juu ya dawa hiyo, alisema yule, nani ataizuia damu? Huyu alitaja moyo, yule akataja ini, huyu akarudi kwenye moyo.

"Fahali wawili wakipigana..." wifi alinong'ona.

"Nyasi ni mimi," alisema Springi.

Lilikuwa neno lake la kwanza tangu ageukie ukuta. Daktari mama alicheka, akavuta kigoda, akakaa karibu na kichwa chake badala ya miguuni.

"Mzee, nisikilize. Watu hudhani ini likiharibika damu inakuwa nyepesi tu, kwa hiyo mgonjwa wa ini hawezi kuganda damu. Sivyo. Vinavyogandisha damu vinatengenezwa na ini, na vinavyoizuia isigande vinatengenezwa na ini hilo hilo. Likidhoofika vinapungua vyote. Mizani inabaki pale pale, lakini inasimama kwa kidole kimoja. Ukiigusa huku unavuja, ukiigusa kule unaganda. Wewe una yote mawili."

"Sasa mimi nifanye nini?"

"Kwanza uache kusema vidonda vya tumbo."

Springi alivuta shuka mpaka kidevuni.

"Halafu tutaingiza kamera tena, tuone hiyo mishipa. Iliyovimba tutaifunga, tusubiri ipone. Kuna dawa moja inayotuliza moyo na inayopunguza pia msukumo kwenye mishipa ya koo, hiyo mwenzangu na mimi hatugombani, unaianza leo. Ile ya kulainisha damu itafuata baadaye, aina ambayo ini lako linaiweza, na damu yako tutaipima mara kwa mara. Na ninyi kina mama wawili mtapimwa hicho kirusi kabla hamjatoka langoni."

"Mimi sinywi!" alisema wifi.

"Hata mdogo wako hanywi. Ndicho ninachowaambia hapa."

Wifi alimtazama mdogo wake. Alitoa kitambaa begani akamfuta mate yaliyokauka pembeni mwa mdomo, akimsugua kwa nguvu kama anavyosugua vichwa vya wateja. "Si ungesema tu," alisema. "Mimi ningewajibu hao watu. Hukumbuki mdomo wangu?"

Kwenye korido Mama Vitambaa alimfuata daktari mama. Alikuwa na swali moja, na aliushika mkono wa koti lake ndipo akaliuliza.

"Nilimdhuru, daktari, au nilimwokoa?"

Daktari alifikiri. Ilikuwa wazi kwamba anatafuta jibu la kweli, si la kumtuliza. "Ungempa ile dawa na mishipa ikiwa imevimba, pengine tungekuwa tumeshamzika. Hukumpa, pengine kesho angekuwa hasemi tena. Ulibahatisha, mama. Na mume wako naye alibahatisha. Msibahatishe tena."

Nyumbani habari ya ini ilifika kabla yao, maana saluni haina pazia. Hata hivyo mbingu hazikuanguka. Wawili watatu walitazama pembeni, kama ilivyotarajiwa. Jirani mmoja alimwuliza Springi kwa upole wa uongo kama ameamua kuacha, naye Springi akaweka nyundo chini. "Ni kirusi," alisema. "Hata wewe unaweza kuwa nacho. Kapime, halafu uje tuongee." Jirani aliondoka, na wiki iliyofuata alikwenda kupima kweli, kwa kujificha. Mwenye nyumba ya wageni hakurudi, ila makochi yake aliyatuma yamaliziwe kwa mtu mwingine, na watu walisema yanalia mtu akikaa.

Ndani ya nyumba ndiko kulikobadilika. Springi alivaa miwani akawa anasoma kila boksi mwenyewe, akijihesabia vidonge vyake mwenyewe. Hakumfokea mkewe hata siku moja. Alianza kumwambia tafadhali. Tafadhali nipitishie mkasi. Tafadhali funga dirisha. Katika ndoa yao neno hilo halikuwahi kuhitajika, na sasa kila lilipotamkwa Mama Vitambaa aliona afadhali angetukanwa. Aliomba radhi mara ya kwanza, mume akasema amesikia. Aliomba mara ya pili, akasema amesikia. Ya tatu hakuiomba.

Mishipa mitatu ilikuwa imevimba, waliifunga, ikapona. Daktari wa moyo na daktari wa ini waliandika dawa kwenye karatasi moja na kusaini wote wawili. Wifi akainunua, akaileta, akaiweka mezani bila mzaha, akaondoka. Asubuhi iliyofuata ndiyo ilikuwa ya kuanza.

Springi aliketi mezani. Alisoma boksi mbele na nyuma, akatoa kidonge kimoja, akakiweka juu ya meza. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni mwa jikoni, hajui kama anatakiwa au hatakiwi.

"Hii ndiyo yenyewe?" Springi aliuliza.

"Umeshaisoma, Fundi."

"Nimeisoma. Nakuuliza wewe."

Mama Vitambaa alikuja akainama, akakitazama kidonge, akakigeuza kwa ukucha, akasoma na boksi herufi kwa herufi. "Ndiyo yenyewe."

"Nikimeza nikatapika damu?"

"Nitakupeleka hospitali."

"Na nisipomeza, mdomo ukapinda tena?"

"Nitakupeleka."

"Kwa hiyo ujuzi wako wote ni kunipeleka."

"Ndio huo tu. Na tukifika huko kusema kweli, hata mbele ya watu. Hata ukinikatalia."

Springi alivua miwani, akaikunja. Alikuwa amekonda tangu alazwe, shati lilikaa kwake kama limeazimwa. Alitazama kidonge kwa muda, mtu anayejua sasa kwamba kitu kidogo namna hiyo kinaweza kumwua na kinaweza kumponya, na kwamba hakuna daktari, mke wala dada atakayemeza kwa niaba yake. Mama Vitambaa alitaka kumshika bega. Hakumshika.

"Kukusamehe bado," Springi alisema. "Usije ukadhani."

"Sidhani."

"Bado kabisa."

"Nimesikia, Fundi."

Akakichukua kidonge, akakiweka kwenye kiganja.

"Lakini maji niletee wewe."